Tusijisifu kwamba Wazungu hutupa wazazi wao

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kauli moja ambayo kwetu imeshakuwa ukweli usiodaiwa ushahidi. Utaisikia vijiweni, ndani ya daladala, katika nasaha za harusini, misikitini na makanisani, na siku hizi zaidi katika video fupi za kwenye simu: kwamba Wazungu huwatupa wazazi wao katika nyumba za wazee, ilhali sisi Waafrika huwatunza wa kwetu mpaka pumzi ya mwisho. Kauli hiyo hutolewa kwa fahari, na mara nyingi mtoaji wake hajawahi kuingia katika nyumba ya wazee ya Ulaya wala, pengine, hajawahi kumgeuza kitandani mgonjwa wa kiharusi usiku wa manane. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Tanga, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika mji mdogo wa jimbo la Baden-Württemberg, kusini magharibi mwa Ujerumani. Nilikuja huku kwa mpango wa mafunzo ya uuguzi ya miaka mitatu, ambayo mwanafunzi hugawa muda wake kati ya darasa na zamu za kazi huku akilipwa, nikahitimu, nikabaki. Mengi yamenishangaza katika nchi hii, kuanzia maduka kufungwa Jumapili hadi chakula cha jioni kuwa mkate mkavu na jibini saa kumi na mbili, lakini hayo mtu huyazoea kabla baridi ya kwanza haijaisha. Lililonikalia moyoni ni hili la wazee, na ndilo ninalotaka kulieleza.

Nianze na takwimu, kwa kuwa ndizo zinazovunja kauli yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2021, kwa hesabu ya Idara ya Takwimu ya Ujerumani, watu wanaohitaji kuangaliwa na wenzao katika shughuli za kila siku, kama kuoga, kuvaa, kula na kwenda msalani, walikuwa karibu milioni 5, na zaidi ya wanne katika kila watano miongoni mwao walikuwa wakiangaliwa nyumbani. Wengi wao waliangaliwa na jamaa zao: mke akimwangalia mume, binti akimwangalia mama, mkwe akimwangalia mkwewe. Wanaoishi katika nyumba za wazee ni wachache, na wengi wao huingia huko wakiwa wameshachoka sana, baada ya familia kujaribu kila njia. Tunaofanya kazi ndani ya nyumba hizi tunawapokea wazee wenye umri wa miaka 85 au 90, wengine wakiwa hawamtambui hata mtoto wao wa kuzaa, wakiletwa na mabinti ambao nao wana miaka 60 na maumivu ya mgongo. Binti wa namna hiyo hujaza fomu huku akilia. Nimewaona wengi, na kwa uadilifu siwezi kusema kuwa wanatupa mtu.

Jambo la pili nililokutana nalo lilikuwa katika karatasi yangu ya mshahara. Tangu mwaka 1995 Ujerumani ina bima ya uangalizi, iliyo tofauti na bima ya matibabu, na kila mfanyakazi hukatwa kwa ajili yake. Kwa mwaka 2025 mchango huo ni asilimia 3.6 ya mshahara, na kwa kawaida mwajiri hulipa nusu yake. Aliyetimiza miaka 23 na hana mtoto hukatwa nyongeza ya asilimia 0.6, ambayo hulipa peke yake bila mwajiri kumsaidia. Mwenye watoto wawili au zaidi walio chini ya miaka 25 hupunguziwa. Hoja ya sheria hiyo ni kwamba anayelea watoto tayari anachangia mfuko, kwa kuwa watoto hao ndio watakaokuja kuulipia kesho. Nilipoyaona makato yale kwa mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu kwetu asiye na mtoto husemwa na mashangazi, na huku anatozwa na serikali. Lakini nilipoelezwa na mwenzangu wa zamu, mwanamke asiye na mtoto ambaye hulipa bila kunung'unika, nilielewa kwamba watu hawa wamekaa kitako, wakajiuliza nani atamwosha mzee asiye na mtu, wakakubaliana gharama, na wakayaandika makubaliano hayo.

Utaratibu wenyewe huanzia nyumbani. Familia ikiomba msaada, mkaguzi kutoka idara ya tiba ya mifuko ya bima huja hadi sebuleni kwa mzee. Huangalia kama anaweza kuinuka kitini, kama anajua leo ni siku gani, kama anakumbuka kunywa dawa zake, kama usiku hutulia au hutangatanga. Kila jambo lina pointi, jumla hufika 100, na kutokana na pointi hizo mzee hupangiwa daraja moja kati ya matano. Kabla ya mwaka 2017 madaraja yalikuwa matatu na yalitazama zaidi udhaifu wa mwili, hivyo mzee mwenye nguvu zake lakini aliyepotewa na kumbukumbu alikuwa akipunjwa. Sheria ikarekebishwa. Mzee akibaki nyumbani na kuangaliwa na jamaa zake, bima hutoa fedha taslimu kila mwezi: kwa mwaka 2025 ni euro 347 kwa daraja la pili, na hupanda hadi euro 990 kwa daraja la tano. Fedha hizo si nyingi kwa gharama za maisha ya huku, na hakuna anayetajirika nazo. Lakini kuna jambo jingine ambalo nadhani wasomaji wengi hawajalisikia: binti anayemwangalia mama yake kwa saa zilizowekwa na sheria, na ambaye kwa hiyo hawezi kufanya kazi kutwa nzima, huchangiwa na bima hiyo katika mfuko wake wa pensheni. Miaka aliyokaa kando ya kitanda cha mama yake huhesabiwa kuwa miaka ya kazi.

Naomba msomaji alishike hilo, kwa kuwa nitalirudia nikifika kwetu.

Ndani ya nyumba ya wazee kwenyewe niliyokutana nayo yalikuwa kinyume cha nilivyosimuliwa. Hatuingii chumbani bila kubisha hodi, hata kama aliyemo ndani hasikii. Hatumwiti mkaazi kwa jina lake la kwanza wala hatumwiti bibi au babu, jambo ambalo kwetu lingekuwa ndiyo heshima yenyewe. Tunamwita kwa jina la ukoo wake, kama alivyoitwa na watu alipokuwa mwalimu, mfanyakazi wa posta au karani wa benki. Ukutani zipo picha zake za harusi, kabati ni lake kutoka nyumbani, na saa tisa alasiri kahawa na keki huletwa hata kama dunia inaanguka. Asubuhi moja mzee mmoja, fundi seremala mstaafu mwenye mikono mikubwa iliyojaa makovu, alikataa kuoga. Kwetu mzee akikataa kuoga tungembembeleza kidogo, kisha watu wawili wenye nguvu wangembeba, kwa nia njema kabisa. Msimamizi wangu aliniambia nirudi baada ya saa moja, na akikataa tena niandike katika kumbukumbu za zamu kwamba amekataa, na saa ngapi, na kwa maneno gani. Alioga siku ya pili yake, alipotaka yeye.

Lililonishangaza kuliko yote ni vile vyuma vya kando ya kitanda vinavyoinuliwa ili mgonjwa asianguke. Mzee mwenye akili timamu akiomba vyuma viinuliwe, huinuliwa. Lakini kama kumbukumbu zimemtoka na hawezi kukubali wala kukataa, hatuna ruhusa ya kuviinua hivi hivi, hata kama watoto wake wote wameafiki. Kwa sheria ya Ujerumani kufanya hivyo ni kumnyima mtu uhuru wake, na kunahitaji kibali cha hakimu. Hakimu mwenyewe huja, akamwangalia mzee, akauliza kama kitanda kinachoshuka hadi karibu na sakafu hakiwezi kutosha. Nilikuwa nimezoea kuona mzee aliyeanza kupotea njia akifungiwa chumbani kwa komeo, na jirani wote wakisema familia hiyo inajua kutunza. Simlaumu mtu aliyefunga lile komeo, kwa sababu barabara iko karibu na nyumba na yeye ana watoto wa kuandaa kwenda shule. Nataka tu ijulikane kwamba kuna nchi ambako komeo hilo hujadiliwa na hakimu.

Nisije nikadhaniwa kuwa nimelipwa niisifu Ujerumani, na mabaya yake niyaseme. Upweke upo, tena mzito. Wako wazee ambao wageni wao ni daktari, mwosha nywele na sisi wa zamu. Mwezi Machi 2020, korona ilipoingia, milango ilifungwa na jamaa wakazuiwa kuingia, na wako waliofariki bila kushikwa mkono na mtu wa kwao. Wafanyakazi wakongwe bado hawapendi kuzungumzia majira yale. Wahudumu ni wachache mno kuliko kazi, ndiyo maana sisi tumeitwa kutoka mbali. Na usiku ambao mwenzako ameugua, wewe ndiye mkono, mguu na sikio la korido nzima. Gharama nazo zinatisha. Bima ya uangalizi hulipa sehemu tu, na sehemu inayobaki kwa mkaazi mwenyewe kwa sasa hupita euro 3,000 kwa mwezi kwa wastani katika mwaka wake wa kwanza. Pensheni nyingi hazifiki huko. Akiba huliwa, nyumba huuzwa, na vikiisha ofisi ya ustawi wa jamii huchukua mzigo. Tangu mwaka 2020 mtoto hadaiwi mchango kwa ajili ya mzazi wake ila awe na kipato kinachozidi euro 100,000 kwa mwaka. Wengine huona sheria hiyo imelegeza mno uhusiano wa mtoto na mzazi, na mimi sina neno la kuwapinga, ila nimeona pia kwamba mtoto asiyedaiwa fedha huja kumtembelea mama yake bila kinyongo.

Tena kuna unafiki wao, na huu tusiufiche. Familia nyingi zinazotaka mzee abaki nyumbani huajiri wanawake kutoka Poland, Romania au Bulgaria, ambao hulala humo humo ndani na kuwa macho usiku na mchana. Mkataba wa mmoja wao, mwanamke kutoka Bulgaria aliyemhudumia bibi aliyezidi miaka 90 mjini Berlin, ulisema saa 30 kwa wiki, huku yeye akieleza kuwa alikuwa kazini karibu saa zote. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Kazi ya Ujerumani, na mwezi Juni 2021 mahakama hiyo ikaamua kwamba hata saa za kukaa tayari kusubiri kuitwa ni saa za kazi, zinazopaswa kulipwa kima cha chini cha mshahara. Uamuzi ulitikisa nyumba nyingi, kwa sababu ulidhihirisha kuwa utunzaji wa bei nafuu unaosifiwa ulikuwa ukibebwa na mgongo wa mwanamke maskini wa nchi nyingine. Nilipousoma nilikumbuka dada zetu wa kazi za ndani, wa Dar es Salaam na wa Maskati, ambao saa zao za kusubiri kuitwa hazijawahi kuhesabiwa na mtu yeyote.

Kifo nacho wana namna yao. Mkaazi akifariki tunafungua dirisha, tunamwosha, tunamvalisha nguo alizochagua mwenyewe akiwa hai, tunaweka mshumaa na picha yake kwenye meza ya korido ili wenzake wajue. Mazishi yaweza kuja wiki moja au mbili baadaye, wakahudhuria watu ishirini, wakanywa kahawa, wakatawanyika. Kaburi lenyewe hukodishwa, kwa kawaida kwa miaka kama 20, na muda ukiisha bila familia kulipia tena, jiwe huondolewa na mahali hapo hupewa mwingine. Hili bado linanitia ubaridi, sijifanyi kwamba nimelizoea. Hakuna turubai, hakuna sufuria za pilau, hakuna mabasi ya kukodi kutoka mjini hadi kijijini. Mtu wa kwetu akiona mazishi yale husema papo hapo: hawa hawapendani.

Hapo ndipo nataka tujitazame sisi. Mama yetu alipata kiharusi akiwa Tanga, upande wa kulia ukafa, na ulimi ukawa mzito. Dada yangu mkubwa alikuwa na meza yake ya vitumbua na chapati karibu na stendi, meza iliyokuwa imesomesha watoto wawili. Aliifunga. Kwa miaka aliyolala mama yetu, dada aliamka alfajiri kuchemsha maji, akamwosha, akamgeuza ubavu kila baada ya muda ili asipate vidonda vya kulalia, akamlisha uji kwa kijiko, akafua mashuka kwa mkono, kwa sababu pampasi za wakubwa ni ghali na huisha haraka. Sisi wengine tulituma fedha tulipoweza, tukapiga simu, tukasema Mungu atamlipa. Mtaani walimsifu sana. Hakuna ofisi hata moja, ya serikali wala ya mfuko wowote, iliyowahi kuandika mahali popote kwamba mwanamke huyu anafanya kazi. Mama alipofariki, kikundi cha WhatsApp kilifunguliwa usiku ule ule, na katika siku mbili michango ilifika kiasi ambacho kingemnunulia mama pampasi, godoro la hewa na kiti cha magurudumu kwa muda mrefu. Waliochanga hawakuwa na ubaya wowote, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Turubai lilifungwa, ng'ombe akachinjwa, hotuba zikasemwa kuhusu utamaduni wetu wa kutunza wazazi. Dada alikuwa jikoni, mgongo umempinda, akiwa amepoteza wateja na mtaji. Uzeeni hana pensheni.

Kwa hiyo mtu anapojisifu kwamba sisi tunatunza wazazi, mimi huuliza: sisi ni nani? Katika kila familia ninayoijua ni mtu mmoja, na karibu kila mara ni mwanamke: binti ambaye hajaolewa, mke wa mtoto wa kiume, mjukuu aliyeachishwa shule akaletwa kijijini akae na bibi. Wengine wote hujipatia sifa kupitia mikono yake. Uzungu unaoshutumiwa umemtambua mtu huyo, ukampa fedha kidogo na pensheni kidogo. Utamaduni unaosifiwa umempa dua.

Na hao ni wazee wenye bahati. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wamekatwa mapanga vikongwe kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyogeuka mekundu kwa moshi wa kuni walizopikia watoto wao, na wakaitwa wachawi. Upande wa Kenya, katika kaunti ya Kilifi, mvi zimekuwa hatari kwa wazee wenye mashamba ambayo vijana wanayataka. Wako waliokimbilia Kaya Godoma, kituo cha kuwahifadhi wazee huko Ganze, wakajihifadhi humo kwa kuogopa jamaa zao wenyewe. Nyumba za wazee si mzungu aliyetuletea jana. Zanzibar ina makaazi ya Sebleni na Welezo tangu zamani, na Dar es Salaam ipo Nunge, Kigamboni. Wanaoishi humo wana watoto, wengine wana wajukuu wenye magari. Tunazifichaje nyumba hizi katika mazungumzo yetu, tukasema kwetu jambo hilo halipo?

Nakiri kwamba kuna hatua zimepigwa. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 pensheni ya kila mwezi bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa, ikianzia shilingi 20,000. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa wenye umri huo, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kupitia mpango wa Inua Jamii, ingawa malalamiko ya kucheleweshwa ni ya kawaida. Tanzania Bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, ina dirisha la wazee hospitalini, na ina mfuko wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, lakini pensheni ya kila mzee bado ni ahadi. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nami naiunga mkono. Hata hivyo bima hiyo ni ya matibabu. Mzee aliyepooza hahitaji daktari kila siku; anahitaji mtu wa kumwosha kila siku, na kwa mtu huyo hakuna fungu.

Sishauri tuige Ujerumani. Nchi ile ni tajiri, watoto ni wachache, na zaidi ya mtu mmoja katika kila watano amepita miaka 65, hivyo hawakuwa na budi. Sisi bado ni taifa la vijana, na makato ya mshahara hayawezi kumfikia mama ntilie wala mvuvi wa Pangani asiye na karatasi ya mshahara. Wala sitaki nyumba za wazee zijengwe kila wilaya. Nasema tu kwamba kuna vitu vidogo vinavyowezekana kwa uwezo tulio nao. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye tayari hupita nyumba kwa nyumba kuangalia wajawazito na watoto, anaweza kufundishwa kumwonyesha binti wa nyumbani namna ya kumgeuza mgonjwa bila kuvunja mgongo, na namna ya kukitambua kidonda cha kulalia kikiwa bado ni wekundu tu. Ujuzi huo hufundishwa kwa siku chache; mimi nilifundishwa huku na naona uchungu kwamba dada yangu aliugundua peke yake kwa makosa na machozi. Ngazi ya kata inaweza kuwa na kiti cha magurudumu na godoro la hewa la kuazimisha, vikarudishwa na kupewa mwingine, kwa kuwa mara nyingi vifaa hivi hununuliwa kwa taabu, kisha vikabaki stoo baada ya msiba. Misikiti na makanisa yenye mifuko ya kuzikana yanaweza kutenga sehemu ya mfuko kwa walio hai. Na TASAF inapoorodhesha kaya, dodoso linaweza kuuliza kama yupo aliyeacha kazi au shule ili amwangalie mzee, na kaya hiyo ikahesabiwa kwa uzito wake.

Niseme na vijana kidogo, kwa kuwa wananiandikia. Wengi wanatafuta njia ya kuja kusomea uuguzi huku, na Wakenya wameongezeka tangu serikali yao ilipotia saini makubaliano ya ajira na Ujerumani mjini Berlin, Septemba 2024. Njooni, lakini mje mkijua kazi ni ipi. Lugha ndiyo nusu ya kazi, na mzee wa kijijini huongea lahaja ambayo haimo katika kitabu chochote cha kozi. Kazi yenyewe ni ya mwili: ni kuosha, kuinua, kulisha, kubadilisha, kisha kuandika yote uliyofanya, kwa sababu kisichoandikwa huhesabika kuwa hakikufanyika. Atakayekuja akiwadharau wazee hawa kwa kudhani wametupwa, dharau hiyo itaonekana mikononi mwake, na wao wataihisi hata kama hawajui tena majina yao. Anayekuja kupitia wakala amuulize kila senti inakwenda wapi kabla ya kulipa, na akiambiwa cheti cha lugha hakihitajiki, asilipe.

Nimalizie kwa ombi kwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, ambayo ndiyo yenye dhamana ya wazee. Inafahamika tuna wazee wangapi, kwa kuwa sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu. Naomba wizara itueleze, kupitia ukurasa huu huu, kama imewahi kuwahesabu wanaowaangalia wazee hao majumbani: ni wangapi, wana umri gani, waliacha kazi gani au darasa la ngapi, na wao wakizeeka wataangaliwa na nani. Kama haijawahi, tungependa kujua hesabu hiyo itaanza lini na katika wilaya zipi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi Mtanzania,
Baden-Württemberg, Ujerumani.